Ile "poll" ya kwenye deed poll si kura

"Mwalimu, habari za kazi. Cheti changu cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vinasema Khadija Saidi Omari. Cheti cha kidato cha nne kinasema Hadija Said Omary. Nimepata ajira, na ofisi ya utumishi imeniambia nipeleke deed poll kabla mwezi haujaisha. Kijana wa steshenari amenichapia karatasi ambayo juu imeandikwa DEED POOL. Shemeji yangu anafundisha Kiingereza, anasema sahihi ni poll, lakini poll ni kura, kwa hiyo kwa Kiswahili hiyo ni 'hati ya kura', na yeye mwenyewe haelewi kura inaingiaje kwenye jina la mtu. Jirani naye ananiambia ni kiapo tu cha kawaida, ila kimepewa jina la kizungu. Naomba unieleweshe hilo neno lina maana gani hasa. Na je, nikishapata hiyo hati, jina kwenye cheti cha shule litabadilika?"

Ndugu yangu, pole kwa kuzungushwa. Nitakujibu kwa kifupi kwanza ili upate utulivu, halafu tuingie ndani. Neno ni "poll", lenye l mbili, wala si "pool", ambayo ni bwawa. Hapa halina uhusiano na kura. Maana yake ni kitu kilichonyolewa, kilichokatwa sawasawa. Deed poll, ambayo watu wengi huitumia kubadili jina, ni hati inayotiwa saini na upande mmoja tu, nayo si kiapo. Na hapana, yenyewe peke yake haibadilishi hata herufi moja kwenye cheti chako cha shule. Usitie saini ile karatasi ya steshenari mpaka umalize kusoma hapa, kwa sababu maana ya neno hili ndiyo inayoonyesha hati hiyo inaweza kufanya nini na wapi uwezo wake unaishia.

Shemeji yako hajakosea kufungua kamusi. Kura ni maana halali ya "poll", ila ni mjukuu katika ukoo wa neno hilo. Babu yake ni kichwa. Neno liliingia katika Kiingereza cha zama za kati, na inaelekea lilitoka kwa watu wa pwani ya Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, ambao Waingereza walifanya nao biashara sana. Kiingereza tayari kilikuwa na "head" kwa kichwa chote. "Poll" ikachukua hasa ile sehemu ya juu yenye nywele, ambayo sisi tunaigawa vizuri zaidi kwa kusema utosi na kisogo. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, msichana Ophelia anapomwimbia baba yake aliyeuawa, anasema ndevu zake zilikuwa nyeupe kama theluji na "poll" yake ilikuwa kama kitani, yaani nywele za kichwa zilikuwa za rangi ya nyuzi za kitani. Ukiweka kura hapo, wimbo wote unaharibika.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalo pia. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya kwanza, Musa anaagizwa awahesabu wanaume wa Israeli "by their polls". Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union Version, inasema "kichwa kwa kichwa", na hakuna tafsiri iliyo karibu zaidi na neno hilo kuliko hiyo.

Leo "poll" kwa maana ya kichwa imebaki imejificha ndani ya maneno mengine. Mfugaji wa farasi wa Uingereza bado huita hivyo sehemu ya juu kabisa iliyo kati ya masikio ya mnyama. Fundi wa mbao huita hivyo kile kisogo cha shoka, upande butu ulio kinyume na makali. Na kiluwiluwi, kwa Kiingereza "tadpole", ni maneno mawili ya zamani yaliyoungana: chura na kichwa. Ukimtazama kiluwiluwi kwenye dimbwi utaona kwa nini, maana kiumbe chote ni kichwa na mkia. Watu wengi huandika neno hilo bila kujua kwamba ndani yake mna kichwa.

Mahali ambapo neno hili lilitugusa sisi wenyewe ni kwenye kodi. "Poll tax" ni kodi ya kila kichwa, na wazee wetu walipoiita kodi ya kichwa walikuwa wametafsiri neno kwa neno bila kupitia kura hata kidogo. Uingereza waliitoza mwaka 1377, peni 4 kwa kila mtu aliyezidi miaka 14, tajiri na maskini sawasawa. Ilipopandishwa hadi shilingi nzima, yaani peni 12, mwaka 1380, mwaka uliofuata wakulima waliingia London kwa hasira. Kosa lake ni hilohilo lililo kwenye jina: inahesabu vichwa, haiangalii kilichomo mfukoni. Huku kwetu, utawala wa kikoloni wa Kenya ulianza na kodi ya nyumba mwaka 1901. Watu wakaona njia, wakawa wanaishi wengi ndani ya nyumba moja ili ilipiwe moja. Mwaka 1910 ikaja sheria iliyoongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipia nyumba, kwa sababu nyumba unaweza kuipunguza, kichwa hakipungui. Basi yeyote katika familia yako aliyewahi kusikia bibi au babu akizungumzia kodi ya kichwa anaijua maana ya "poll" kuliko kamusi ya mfukoni.

Kutoka kuhesabu vichwa vya walipa kodi hadi kuhesabu vichwa vya wapiga kura ni hatua fupi. Katika Coriolanus, tamthilia ya mwanzoni mwa miaka ya 1600, kiongozi mmoja wa umma anauliza kama wanayo orodha ya sauti zote walizozipata, zikiwa zimeandikwa "by the poll", yaani mtu mmoja mmoja. Neno limesimama hapo kati ya kichwa na kura. Kwa muda mrefu Uingereza ilichapisha vitabu vya wapiga kura vikionyesha jina la mtu na mgombea aliyemchagua, mpaka kura ya siri ilipowekwa kisheria mwaka 1872. Baada ya hapo vichwa vikasahaulika, ikabaki kura. Tena katika sheria za kampuni, zile tulizozirithi, neno limegeuka kabisa: mwanahisa akidai "poll" kwenye mkutano mkuu, anataka zihesabiwe hisa badala ya mikono iliyoinuliwa. Neno lililoanza kwa kuhesabu vichwa, hapo linatumika kuacha kuvihesabu. Nataja hili kwa ajili ya shemeji, ambaye pengine ataulizwa na wanafunzi, na pia nimwondolee dhana moja iliyozoeleka: "poll" haina undugu na "politics" wala "police". Hizo mbili zinatoka kwenye neno la Kigiriki la mji. Kufanana kwa herufi ni bahati tu.

Sasa tuje kwenye hati yako. Neno likishakuwa na maana ya kichwa chenye nywele, Waingereza walifanya kama tunavyofanya sisi kila siku, wakatoa kitenzi. "To poll" ikawa kunyoa au kupunguza nywele za kichwa. Biblia ileile ya 1611, katika 2 Samweli 14:26, inatumia kitenzi hicho kwa Absalomu, aliyekata nywele zake kila mwisho wa mwaka kwa sababu zilimlemea, na zilipopimwa zikawa shekeli 200. Kitenzi kikatanuka. Ng'ombe asiye na pembe akaitwa "polled", kichwa chake kimekuwa kama kilichonyolewa. Ng'ombe wekundu wa Red Poll wanaofugwa Kenya wamepata jina lao hapo, wala hawajapigiwa kura. Mti uliokatwa kilele ili uchipuze matawi mapya juu nao ukapata jina kutoka kwenye kitenzi hicho.

Na ngozi ya kuandikia ikikatwa ukingo wake ukawa umenyooka, bila meno, ikasemwa nayo imenyolewa. Hapo ndipo penye siri yote, na naomba tupaangalie kwa karibu.

Hati za zamani za Uingereza ziliandikwa kwenye ngozi, mara nyingi ya kondoo, iliyolowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa na kuwambwa mpaka ikawa nyembamba na ngumu. Tuseme watu wawili wamepatana, mmoja anauza shamba, mwingine ananunua. Mwandishi alichukua ngozi moja, akaandika mapatano yote upande wa juu, kisha akayarudia neno kwa neno upande wa chini. Katikati akaacha nafasi, na kwenye nafasi hiyo mara nyingi aliandika neno moja kwa herufi kubwa, "chirographum", lenye maana ya maandishi ya mkono. Kisha akachukua kisu na kukata katikati ya herufi hizo, lakini hakukata moja kwa moja. Alikata kwa kupinda, juu chini, juu chini, kama meno ya msumeno. Muuzaji akaondoka na kipande kimoja, mnunuzi na kingine. Miaka 20 baadaye mmoja akija na kipande cha kughushi, vinawekwa mezani vyote viwili na kusogezwa. Meno yakiingiana na nusu za herufi zikikutana, ni kweli. Yasipoingiana, kuna mwongo. Kazi zinazofanywa leo na nakala zenye mihuri zilifanywa na kisu hicho.

Hati hiyo yenye meno iliitwa "indenture", kutoka kwenye neno la Kilatini la jino. Unaweza kulikumbuka kwenye historia ya reli ya Mombasa hadi ziwani, iliyoanza kujengwa mwaka 1896: vibarua wengi walioletwa kutoka India walikuja chini ya mikataba iliyoitwa hivyo, ingawa kufikia wakati huo meno yalikuwa yamebaki kwenye jina tu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1845 ilikuwa imeshasema kwamba hati inaweza kuwa "indenture" hata kama haikukatwa meno.

Sasa fikiria mtu ambaye hana wa kupatana naye. Anataka kutangaza jambo lake mwenyewe, au kumpa mtu mwingine mamlaka, au kujifunga kwa ahadi yake. Hakuna kipande cha pili cha kumpa mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya meno. Ngozi inakatwa sawasawa, ukingo wake unanyooka kama kichwa kilichopitishwa wembe. Hiyo ndiyo hati iliyonyolewa, "deed poll". Mwanasheria Mwingereza William Blackstone, katika juzuu la pili la kitabu chake kuhusu sheria za Uingereza, la mwaka 1766, anaeleza hivyohivyo: hati ya mtu mmoja haikatwi meno, hunyolewa sawa, na jina lake linatokana na hilo. Neno "poll" limekaa nyuma ya "deed" kwa sababu lugha ya sheria ya Uingereza iliathiriwa na Kifaransa, ambacho huweka sifa baada ya jina kama sisi tunavyosema hati ndefu, si ndefu hati. Ndiyo maana wajuzi huandika wingi wake "deeds poll", ingawa siku hizi utakuta pia "deed polls".

Na "deed" yenyewe usiipite. Ni tendo. Kiingereza cha kila siku bado kinasema "good deed" kwa tendo jema. Katika sheria, "deed" ni tendo linalofanyika kwa maandishi: unapotia saini mbele ya shahidi na kuikabidhi, jambo limetendeka. Mtu haelezi tu kwamba alitenda, anatenda palepale kwenye karatasi. Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha kama jirani yako ana haki.

Hana. Kiapo, ambacho wengi hukiita afidaviti, ni maelezo ya ukweli unayoyaapia: mimi ni mwanamke mtu mzima, nilizaliwa mahali fulani, majina Khadija Saidi Omari na Hadija Said Omary yote ni yangu, ni mtu mmoja. Kinathibitisha jambo ambalo tayari liko. Deed poll hutenda jambo jipya. Ukiisoma kwa utulivu utaona ina vitendo vitatu: naachana kabisa na jina langu la zamani; natwaa jina hili jipya; nawaomba na kuwaruhusu watu wote waniite kwa jina hili siku zote. Wakenya wanaweza kuyaona maneno haya kwenye Gazeti Rasmi la serikali, chini ya matangazo ya kubadili jina, toleo baada ya toleo. Halafu tazama mwisho wa hati: saini ya mwenye jina, na shahidi. Hakuna "kwa upande wa kwanza" na "kwa upande wa pili". Ukikuta hati inayojiita deed poll halafu ina pande mbili zinazokubaliana, aliyeiandika amechanganya mambo, irudishe.

Kwa kuwa ni hati ya upande mmoja, inakufunga wewe peke yako. Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Haiwezi kuliagiza baraza la mitihani, benki, chuo wala ofisi ya vizazi. Inawaomba na kuwaonyesha ushahidi, basi. Kila taasisi ina kanuni zake za kurekebisha kumbukumbu, na baadhi hazigusi cheti kilichokwisha kutolewa. Cheti kinasema ulifanya mtihani kwa jina gani siku ile, na siku ile hukuwa umebadili chochote. Kwa hiyo matarajio yako yawe haya: cheti kitabaki na Hadija, na deed poll itakuwa daraja kati ya Hadija na Khadija. Utatembea navyo pamoja.

Je, wewe unaihitaji kweli? Nitakuambia ninavyoona. Jina lako ni moja lililoandikwa na makarani wawili kwa tahajia mbili. Hujabadili dini, hujabadili ukoo, hujatwaa jina jipya. Kwa hali kama hiyo kiapo kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja ndicho kinachosema ukweli ulivyo. Deed poll inakutaka useme unaliacha jina ambalo pengine hukuwahi kuliona kuwa la kwako. Lakini anayepokea ndiye mwenye mlango, na ofisi yako imetaja deed poll kwa jina. Nenda, au andika barua pepe, uulize swali moja lililo wazi: je, mtapokea kiapo cha majina mawili, au lazima deed poll iliyosajiliwa? Omba jibu kwa maandishi. Mara nyingine anayesema "lete deed poll" anatumia neno hilo kwa hati yoyote inayohusu majina, na utakuwa umeokoa gharama na siku kadhaa. Wakishikilia deed poll, wape, maana nayo itakufaa pia benki, uhamiaji na kwenye mafao ya uzeeni baadaye.

Ikifika hapo, jambo la kwanza ni uelekeo. Unaacha jina gani na unabaki na lipi? Nimeona watu wakiandikiwa kinyume, wakaachana na jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki, ili walingane na karatasi moja ya shule. Kisha wanaanza kubadilisha kila kitu kingine. Hesabu nyaraka zako. Kwako Khadija Saidi Omari ndilo lenye mizizi, kwa hiyo Hadija Said Omary ndilo liandikwe kuwa jina la zamani. Uliza vilevile kama kuna cheti kingine chenye tahajia ya tatu, labda cha darasa la saba au cha chuo, maana yote yanaweza kutajwa kwenye hati moja. Hati isiyotaja "Omary" yenye y haitakusaidia mbele ya karani makini.

Pili, nakili majina kutoka kwenye vyeti vyenyewe, usitaje kwa mdomo. Kaa na mchapaji, weka cheti pembeni ya skrini, soma herufi moja moja: K, h, a, d, i, j, a. Angalia Saidi na Said, angalia mpangilio wa majina matatu. Na juu iandikwe POLL. Kosa la "pool" lenyewe halibadilishi dhamira ya hati, lakini linatosha kumfanya karani wa usajili akurudishe nyumbani, na hata ikipita, kila atakayeisoma ataanza na mashaka. Chapisha upya, ni ukurasa mmoja.

Tatu, saini. Nenda kwa wakili aliyesajiliwa, utie saini mbele yake, naye ashuhudie na kugonga muhuri wenye jina na anwani yake. Usimwachie karatasi yenye saini tayari. Huhitaji kufungua shauri mahakamani, hakimu hakupi deed poll. Unaitenda wewe. Kisha isajiliwe. Tanzania Bara inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, chini ya wizara inayoshughulikia ardhi, kwa Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Watu hushangaa jina la mtu linapelekwaje kwenye ofisi za ardhi, lakini rejesta ya hati inatunzwa huko. Kenya pia iko hivyo: kuna kanuni za mwaka 1967 za kubadili jina chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka ya huko, Sura ya 285, hati inasajiliwa, kisha inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi. Zanzibar ina mamlaka zake, usipeleke hati ya Bara ukidhani itapita bila kuuliza. Ada na picha zinazotakiwa hubadilika, kwa hiyo uliza ofisini kwenyewe kabla ya kusafiri.

Ikishasajiliwa, toa nakala na zithibitishwe, tatu au nne kwa mara moja. Ile halisi usimwachie mwajiri. Mwonyeshe, mpe nakala. Hati isiyosajiliwa inaweza kuwa na saini nzuri na muhuri mwekundu, lakini ofisi nyingi zitaikataa, na hili ndilo linalowakwamisha wengi waliodhani kazi imeishia kwa wakili.

Kuna hali ambazo ushauri wa kwenye maandishi kama haya hautoshi, na hapo ukae na wakili uso kwa uso. Ikiwa jina ni la mtoto, hasa wazazi wasipokubaliana. Ikiwa una hati ya nyumba au kiwanja, mkopo unaoendelea, au kesi mahakamani kwa jina la zamani. Ikiwa una pasipoti ya nchi nyingine au unaomba viza, kwa sababu nchi hiyo ina kanuni zake za majina. Ikiwa tofauti si ya tahajia tu, yaani vyeti vina tarehe mbili za kuzaliwa au jina la baba tofauti kabisa, deed poll haitibu hilo, na kujaribu kulifunika kwa hati ya jina kunaweza kukuletea shutuma ya kughushi. Na mtu yeyote akikuambia atakupatia deed poll "iliyosajiliwa" jioni hii bila wewe kutia saini popote, ondoka. Hati hii ni tendo lako, hakuna wa kukutendea.

Kwa shemeji, kuhusu tafsiri: "hati ya kura" aiache. Katika maisha ya kila siku "hati ya kubadili jina" inaeleweka na inatosha, nami ningeitumia kwenye barua yako kwa mwajiri, nikiweka deed poll mara moja ili karani aitambue. Lakini akitafsiri waraka wa sheria kwa ujumla, awe mwangalifu, kwa sababu si kila deed poll inabadili jina. Hati ambayo mtu anamteua mwingine amwakilishe, kwa asili yake, nayo ni ya upande mmoja. Hapo "hati ya upande mmoja" ndiyo inayobeba maana. Na akitaka kuwaonyesha wanafunzi neno lilivyo, achukue karatasi mbili darasani: moja aikate kwa kupinda, kama meno ya msumeno, katikati ya neno lililoandikwa, awape wanafunzi wawili kila mmoja kipande chake, kisha waviunganishe. Nyingine aikate kwa mkasi na rula, ukingo unyooke, ampe mwanafunzi mmoja peke yake aishike.

Wewe anza na ile barua pepe kwa ofisi ya utumishi leo, kabla ya kwenda kwa wakili.